Kesi ya Leonard Peltier na Rufaa ya Walimwengu

Leonard Peltier, mwenyeji wa asili wa Marekani kutoka jamii ya Anishinaabe wa Turtle Mountain katika jimbo la North Dakota, alihukumiwa mwaka 1977 vifungo viwili vya maisha kwa mauaji ya makachero wawili wa FBI, Jack Coler na Ronald Williams. Tangu alipokamatwa Februari 1976 hadi alipotoka gerezani Februari 2025 ilipita miaka 49. Wakati huo wote mahakama za Marekani zilikataa kuirudia kesi yake, ingawa baadhi ya majaji waliozikataa rufaa hizo walikiri kwamba upande wa serikali ulikuwa na kasoro kubwa. Mlango wa mahakama ulipofungwa, madai yakapelekwa kwa mabunge ya nchi za nje, mashirika ya haki za binadamu, viongozi wa dini na hatimaye Umoja wa Mataifa.

Ardhi na mikataba, 1868–1967

Chanzo cha mkasa huu kimo katika nyanda za Dakota, karne moja kabla ya risasi zenyewe. Mwaka 1868, kwa mkataba wa Fort Laramie, serikali ya Marekani iliwatambulia Walakota na jamii nyingine za Sioux umiliki wa eneo kubwa lililojumuisha milima ya Black Hills, ambayo kwao ni mitakatifu. Mwaka 1874 msafara wa kijeshi ulioongozwa na George Custer ulitangaza kuwa milima hiyo ina dhahabu. Miaka mitatu baadaye Bunge la Marekani likaitwaa. Mwaka 1890 wanajeshi waliwaua Walakota wasiopungua 150, wengi wao wanawake na watoto, kando ya kijito cha Wounded Knee. Hesabu nyingine hufikia 300. Mahali hapo pamo ndani ya Pine Ridge, mojawapo ya maeneo yaliyotengewa wenyeji, kusini magharibi mwa South Dakota. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikuja kukiri mwaka 1980 kwamba Black Hills zilichukuliwa kinyume cha sheria, na ikathibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Jamii za Sioux zimekataa kuigusa fedha hiyo mpaka leo, kwa sababu madai yao ni ardhi.

Peltier alizaliwa Septemba 12, 1944, mjini Grand Forks, akalelewa na babu na bibi yake. Alipofika umri wa miaka tisa alipelekwa katika shule ya bweni ya serikali huko Wahpeton, moja ya shule zilizoanzishwa ili kuwafuta watoto wa wenyeji lugha na desturi zao. Mwaka huohuo, 1953, Bunge lilipitisha azimio la kukomesha uhusiano wa pekee kati ya serikali na baadhi ya jamii za wenyeji, na Turtle Mountain ilitajwa humo kwa jina. Kwa watu wa kawaida, azimio hilo lilimaanisha kupunguziwa misaada na kushawishiwa kuhamia mijini. Peltier naye alihama. Katika miaka ya 1960 alikuwa Seattle, akishirikiana na mwenzake kuendesha gereji ya kunyoosha bodi za magari.

Vuguvugu na Wounded Knee ya pili, 1968–1975

Mwaka 1968, mjini Minneapolis, wenyeji waliochoshwa na kupigwa na polisi mitaani waliunda chama cha American Indian Movement, kinachojulikana kwa kifupi AIM. Mwaka 1970 Peltier alishiriki kuvamia kambi ya jeshi ya Fort Lawton iliyokuwa ikiachwa wazi, ili kudai irudishwe kwa wenyeji. Mwaka 1972 alikuwa katika msafara uliovuka nchi hadi Washington na kuishia kuikalia ofisi ya serikali ya masuala ya wenyeji. Mwaka huohuo alikamatwa mjini Milwaukee baada ya ugomvi na polisi wasiokuwa kazini, akashtakiwa kwa kujaribu kumuua mmoja wao. Alipopata dhamana akatoweka. Mwaka 1978 alishinda kesi hiyo, lakini mwaka 1975 ilikuwa bado inamwinda, na upande wa mashtaka ulikuja kuitumia kama sababu ya yeye kuwaogopa makachero.

Pine Ridge nako palikuwa na uhasama wa wenyewe kwa wenyewe. Mwenyekiti wa baraza la kabila, Dick Wilson, alituhumiwa na wazee wa jadi kwa upendeleo na ubadhirifu. Jaribio la kumwondoa liliposhindikana, wazee hao waliwaita AIM. Februari 27, 1973, watu wenye silaha wakakikalia kijiji cha Wounded Knee, na kwa siku 71 walizingirwa na askari wa serikali waliokuja na magari ya deraya. Mwaka 1974 Wilson alimshinda Russell Means wa AIM katika uchaguzi ambao Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani iliukuta umejaa udanganyifu. Kundi la wafuasi wake wenye silaha, walioitwa na wapinzani wao na baadaye wakajiita wenyewe GOON, liliwashambulia waliompinga. Wanaharakati huhesabu watu zaidi ya 60 waliouawa katika miaka mitatu hiyo. FBI iliijibu orodha hiyo jina kwa jina mwaka 2000, ikidai kwamba vifo vingi vilichunguzwa na kupata maelezo. Lisilobishaniwa ni kwamba palikuwa na bunduki nyingi na imani kidogo. Kwa wakazi wengi, kachero alikuwa mtu wa upande wa Wilson.

Juni 26, 1975

Karibu na Oglala, ndani ya Pine Ridge, katika shamba la wazee wa ukoo wa Jumping Bull, AIM walikuwa wamepiga kambi kwa mwaliko wa wenyeji wao ili kuwalinda. Asubuhi ya Juni 26 Coler, mwenye miaka 28, na Williams, mwenye miaka 27, kila mmoja katika gari lake, walilifuata gari jingine hadi kwenye malisho ya shamba hilo. Walikuwa wakimtafuta kijana aliyetuhumiwa kwa wizi uliohusisha jozi ya buti. Swali la nani alianza kufyatua halikupata jibu moja. Makachero walikuwa bondeni, mahali pa wazi. Waliowapiga walikuwa juu, mbali kiasi. Magari yao yalikutwa na matundu ya risasi zaidi ya mia moja, na kwa hesabu ya FBI wao wenyewe walifyatua tano tu. Wote wawili walijeruhiwa, kisha wakamaliziwa kwa risasi za karibu. Hapo ndipo uzito wote wa kesi ulipo: mtu, au watu, walishuka mpaka kwenye magari na kuwaua majeruhi wasioweza tena kujitetea.

Siku hiyohiyo aliuawa pia Joe Stuntz, kijana wa AIM, kwa risasi ya upande wa askari. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo chake. Peltier hajakana kwamba alikuwepo wala kwamba alifyatua bunduki kutoka mbali. Alichokana tangu mwanzo ni kushuka bondeni na kuwaua.

Kanada na hati za kiapo, 1976

Washtakiwa walikuwa wanne: Peltier, Dino Butler, Bob Robideau na yule kijana wa buti. Peltier alivuka mpaka na kuingia Kanada, akakamatwa Februari 1976 huko Alberta. Kumrudisha kulihitaji ushahidi wa kumtosheleza jaji wa Kanada, na Marekani ilipeleka, pamoja na mengine, hati za kiapo za mwanamke mmoja wa Kilakota aliyejitambulisha kuwa mpenzi wa Peltier na kusema alimwona akiwapiga makachero risasi. Hakuwa mpenzi wake, wala hakuwepo shambani siku hiyo. Hati yake ya kwanza kabisa ilisema kwamba aliondoka kabla ya mauaji; hiyo haikupelekwa Kanada. Zilipelekwa ya pili na ya tatu, zilizotiwa saini baadaye, na kila moja ikijua mengi kuliko iliyotangulia. Mwanamke huyo alikuja kuyakana yote, akasema makachero walimtisha.

Desemba 1976 Waziri wa Sheria wa Kanada aliidhinisha Peltier asalimishwe. Hati hizo ndizo zilizoifanya kesi iwe ya kimataifa, kwa sababu sasa dola ya pili ilikuwa na la kulalamikia. Warren Allmand, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kanada wakati huo, alitumia miaka mingi iliyofuata kudai kwamba nchi yake ilidanganywa. Serikali ya Kanada haikufika huko: mwaka 1999 Waziri wa Sheria Anne McLellan aliiandikia Washington kwamba ushahidi mwingine ulitosha kumrudisha.

Mahakama mbili, 1976–1977

Butler na Robideau walishtakiwa kwanza, mjini Cedar Rapids, Iowa. Jaji aliruhusu juri isikie habari za hofu na vifo vya Pine Ridge, na hata Mkurugenzi wa FBI, Clarence Kelley, aliitwa kutoa ushahidi. Julai 1976 juri hiyo, ya wazungu watupu, iliwaachia kwa hoja ya kujihami. Wiki chache baadaye serikali ilimfutia mashtaka yule kijana, na waraka wa ndani ukaeleza nia: uzito wote wa mashtaka uelekezwe kwa Peltier.

Kesi yake ilisikilizwa Fargo, North Dakota, mbele ya Jaji Paul Benson, Machi na Aprili 1977. Juri ilikuwa ya wazungu vilevile, lakini mengi yaliyosikika Cedar Rapids yalizuiwa. Yule mwanamke wa hati za kiapo alikuja tayari kueleza alivyotishwa. Jaji Benson hakumruhusu kusema mbele ya juri. Hakuna shahidi aliyesema kwamba alimwona Peltier akiwaua makachero. Vijana watatu wa kienyeji walimweka karibu na magari au wakamhusisha na bunduki; baadaye ilidaiwa kwamba nao walitishwa. Kuhusu gari, redio ya FBI siku ya tukio ilitaja gari jekundu la mizigo, ilhali mahakamani lilizungumzwa basi dogo la rangi nyekundu na nyeupe lililohusishwa na Peltier.

Kilichobaki ni ganda moja la risasi. Lilipatikana ndani ya buti la gari la Coler, na mtaalamu wa FBI alieleza kwamba alama ya chuma kinachovuta ganda ilifanana na ya bunduki aina ya AR-15. Bunduki hiyo ilitolewa kwenye gari lililoungua Kansas Septemba 1975, likiwa na watu wa AIM, na serikali ilisema ndiyo aliyokuwa nayo Peltier. Kuhusu pini ya kugonga risasi, ambayo huacha alama ya uhakika zaidi, juri iliambiwa kwamba kipimo hakikutoa jibu, maana bunduki ilikuwa imeharibiwa na moto. Mwendesha mashtaka aliliita ganda hilo ushahidi mkubwa kuliko wote. Aprili 18, 1977, juri ilimtia hatiani, na mwezi Juni akapewa vifungo viwili vya maisha, kimoja kianze kingine kikiisha.

Teleksi, 1978–1993

Rufaa ya kwanza ilishindwa mwaka 1978. Mwaka uliofuata Peltier alitoroka gereza la Lompoc, California. Alidai alikuwa amepata habari kwamba angeuawa humo. Mwenzake mmoja alipigwa risasi akafa, naye akakamatwa siku chache baadaye na kuongezewa miaka saba. Tukio hilo lilimgharimu sana: kila ombi la msamaha lililofuata lilijibiwa kwa kulitaja.

Kisha, kwa kutumia sheria ya uhuru wa kupata habari, mawakili wake walipata maelfu ya kurasa za FBI. Mojawapo ilikuwa teleksi ya Oktoba 2, 1975, ikisema kwamba AR-15 iliyotoka Kansas ina pini tofauti na ile ya bunduki iliyotumika Oglala. Karatasi hiyo haikuwahi kuonyeshwa upande wa utetezi. Mahakama ya rufaa iliagiza ushahidi wa bunduki usikilizwe upya. Mtaalamu wa FBI alijitetea kwamba teleksi ilihusu maganda mengine yaliyookotwa, na kwamba lile la kwenye buti la gari lilikuwa halijapimwa siku hiyo. Mwaka 1985, mbele ya majaji wa rufaa, mwendesha mashtaka Lynn Crooks alikiri kwamba serikali haijui hasa nani aliwapiga makachero wale. Tangu hapo hoja ya serikali ikasogea: hata kama Peltier hakuwa muuaji wa karibu, alisaidia na kuchochea, na kwa sheria adhabu ni ileile.

Hukumu ya mwaka 1986 iliandikwa na Jaji Gerald Heaney. Alikubali kwamba juri ingeweza kumwachia Peltier kama ingeiona teleksi. Lakini kipimo cha sheria hakikuwa kama ingeweza, bali kama kulikuwa na uwezekano wa kutosha kwamba ingefanya hivyo, na mahakama ikaona hapakuwa na kiasi hicho. Mtu asiye mwanasheria atapata taabu kuiona tofauti hiyo, na inaelekea Heaney mwenyewe haikumpa amani. Mwaka 1991 alimwandikia Seneta Daniel Inouye kuunga mkono adhabu ipunguzwe, akisema FBI nayo ilikuwa na sehemu ya lawama kwa yaliyotokea Oglala. Ni nadra jaji kuomba huruma ya rais kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amemnyima rufaa. Rufaa nyingine, juu ya nadharia iliyobadilika ya kusaidia na kuchochea, ilikataliwa mwaka 1993.

Sauti za nje, 1981–1999

Amnesty International iliingia mapema, lakini kwa tahadhari. Kwa kuwa kesi ilihusu mauaji, haikumwita Peltier mfungwa wa dhamiri. Ilisema haki ya kesi yenyewe ina shaka. Mwaka 1981 ilipendekeza tume ichunguze jinsi operesheni za siri za FBI dhidi ya vyama vya siasa zilivyoathiri kesi za jinai. Miaka ilivyopita bila kesi kurudiwa, ombi lake likageuka: kwa kuwa njia za sheria zimeisha, aachiwe.

Wengine walikuwa na sababu zao. Katika miaka ya 1980 Umoja wa Kisovyeti ulikusanya saini nyingi sana kwa ajili yake, na kila Washington ilipomtaja mpinzani wa Kisovyeti Andrei Sakharov, Moscow ilijibu kwa kumtaja Peltier. Msaada wa namna hiyo ulikuwa na madhara yake, kwa kuwa uliwarahisishia wapinzani kuiita kesi yote propaganda. Uzito zaidi ulitoka kwa watu waliojua jela na ubaguzi kwa uzoefu: Nelson Mandela na Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, na Rigoberta Menchú, Mmaya wa Guatemala. Dalai Lama naye aliunga mkono. Bunge la Ulaya lilipitisha maazimio ya kumtetea mwaka 1994 na tena 1999.

Nyumbani Marekani, kitabu cha Peter Matthiessen juu ya kesi hii kilitoka mwaka 1983, kikazuiwa kwa miaka na mashtaka ya kashfa yaliyofunguliwa na gavana wa South Dakota wa wakati huo na kachero mmoja wa FBI. Kilirudi madukani baada ya mahakama kuyatupa. Filamu ya Michael Apted, iliyosimuliwa na Robert Redford, ilifuata mwaka 1992. Mwaka 1994 wanaharakati walitembea kwa miguu kutoka San Francisco hadi Washington.

Si kila kilichotoka kambi ya watetezi kilisaidia. Mapema miaka ya 1990 alijitokeza mtu aliyeficha uso, akadai kwamba yeye ndiye aliyewaua makachero. Baadaye mmoja wa watu wa AIM alisema hadithi hiyo ilitungwa. Mwaka 2004, katika kesi ya mauaji ya mwanaharakati Anna Mae Aquash, shahidi aliyekuwa wa AIM alidai kwa kiapo kwamba alimsikia Peltier akijigamba kuwapiga risasi makachero. Peltier alikanusha.

Mlango wa Ikulu, 2000–2017

Rais Bill Clinton alitangaza mwishoni mwa mwaka 2000 kwamba analitafakari ombi la msamaha. Desemba 15 makachero wa FBI wapatao 500, walio kazini na wastaafu, waliandamana kimya mbele ya Ikulu, jambo lisilo la kawaida kwa watumishi wa chombo cha usalama. Mkurugenzi wao, Louis Freeh, aliandika barua ya kupinga. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: vijana wawili walikuwa kazini, waliuawa wakiwa majeruhi, na familia zao zilikuwa bado hai kusikia kila neno. Clinton aliondoka madarakani bila kutoa jibu.

Mwaka 2003 mahakama nyingine ya rufaa, iliyokuwa ikisikiliza ombi juu ya parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, iliandika kwamba serikali ilificha ushahidi na kuwatisha mashahidi, na kwamba mambo hayo hayabishaniwi. Ilimkatalia hata hivyo, kwa kuwa swali lililokuwa mbele yake lilihusu tarehe ya parole tu. George W. Bush alikataa msamaha mwaka 2009, Tume ya Parole ikakataa mwaka huohuo, na Barack Obama akakataa Januari 2017. Obama alikataa ingawa James Reynolds, mwanasheria wa serikali aliyewahi kuongoza ofisi iliyotetea hukumu ile, alikuwa ameomba Peltier aachiwe.

Umoja wa Mataifa na saa za mwisho za Biden, 2022–2025

Mwaka 2022 jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia vifungo vya kiholela lilitoa maoni kwamba Peltier amefungwa kiholela, kwamba ubaguzi dhidi ya wenyeji uligusa namna alivyonyimwa parole, na kwamba aachiwe mara moja. Maoni hayo hayana nguvu ya amri. Lakini kwa mara ya kwanza malalamiko ya watetezi yalikuwa katika hati ya chombo rasmi cha kimataifa kilichoiomba Marekani majibu. Wakili wake, Kevin Sharp, aliyewahi kuwa jaji wa shirikisho, aliyabeba maoni hayo hadi Washington. Humo baraza la mawaziri lilikuwa na Deb Haaland, mwenyeji wa asili wa kwanza kushika wizara, naye alikuwa akimuunga mkono Peltier.

Tume ya Parole ilikataa tena Julai 2024. Peltier alikuwa na kisukari, uvimbe wa mshipa mkuu wa damu, na jicho lililobaki na uoni kidogo. Januari 10, 2025, Mkurugenzi wa FBI, Christopher Wray, alimwandikia Rais Joe Biden akimsihi asimwachie. Januari 20, dakika chache kabla ya kukabidhi madaraka, Biden alisaini amri ya kumbadilishia adhabu: vifungo viwili vya maisha vimaliziwe nyumbani.

Asubuhi ya Februari 18, 2025, Peltier, akiwa na miaka 80, aliondoka gereza la Coleman, Florida, na kesho yake alilakiwa Belcourt, mji mkuu wa Turtle Mountain, ambako alitafutiwa nyumba na shirika la wenyeji. Amri ya Biden haikuwa msamaha wala haikusema chochote juu ya nani aliwaua Coler na Williams. Hukumu ya Fargo haikutenguliwa, na Peltier yuko nyumbani kama mfungwa anayetumikia kifungo.